Usitupe anshi yako: kiangazi, mvua na kilimi cha klarineti



Katika fanfari zetu hapa Lubumbashi kuna nyakati mbili za mwaka ambapo wapiga klarineti wanateseka kuliko wengine wote. Ya kwanza ni mwezi wa tisa. Klarineti inalia kama kifaranga, sauti inakatika katikati ya wimbo, na mpigaji akipumzika dakika tano tu anakuta chombo kimekuwa kigeni mdomoni. Ya pili ni mwezi wa kwanza. Hapo sauti inakuwa nzito, kama imefunikwa blanketi, na pumzi inaisha kabla ya mstari kuisha. Nyakati zote mbili utasikia neno moja: "Hii anshi imekufa, muniletee ingine." Na kama ile ingine nayo inakataa, shefu wa fanfari anamgeukia mpigaji mwenyewe: "Wewe hauna pumzi, nenda kwenye ngoma."

Mimi nimesoma agronomia mpaka lisansi, na tangu sekondari ninapiga klarineti ya pili katika fanfari ya kanisa. Nataka kueleza hapa kwamba mara nyingi anshi haijafa, na mpigaji hana kosa. Hewa njo imebadilika, na anshi, kwa sababu ni kipande cha mmea, imeifuata hewa. Mtu yeyote aliyejifunza kuhifadhi mahindi ghalani tayari anajua nusu ya habari hii. Nusu ingine nitaieleza polepole.

Jambo hili si dogo. Anshi zinauzwa kwa boksi, kwa kawaida 10 ndani ya boksi moja, na zinatoka ng'ambo. Vikosi vingi vinazinunua kwa michango ya waimbaji na wazazi. Kila anshi nzima tunayoitupa ni pesa ya mchango tunayoitupa. Na kila kijana anayeambiwa hana kipaji kwa sababu ya hewa ya mwezi wa tisa, huyo tunampoteza bure.

Anshi ni nini?

Kwa wale hawajawahi kushika klarineti: anshi ni kile kibamba chembamba cha rangi ya dhahabu kinachofungwa juu ya beki, yaani sehemu ile inayoingia mdomoni. Ukipuliza, ncha yake inatetemeka, inafungua na kufunga njia ya pumzi, na mtetemo ule ndio unaozaa sauti. Ile sauti ya la ambayo vyombo vyote vinapatanishwa nayo ni mitetemo 440 kwa sekunde moja. Kumbe kile kilimi kidogo kinapiga mara 440 kabla hujamaliza kusema "moja".

Kinatengenezwa kwa mmea unaoitwa kisayansi Arundo donax. Ni tete kubwa, la familia ya Poaceae, ile familia ya mahindi, mpunga, muwa, mianzi na yale matete tunayoyaona kando ya mito yetu. Ni ndugu wa matete yetu, lakini si mmoja wao. Linaweza kupita mita 6 kwa urefu. Sehemu inayojulikana zaidi kwa anshi ni jimbo la Var, kusini mwa Ufaransa, karibu na Bahari ya Kati. Huko wanalikata wakati wa baridi, likiwa na umri wa karibu miaka miwili, wanalianika juani mpaka linageuka rangi ya dhahabu, kisha wanalihifadhi kwa muda mrefu kabla ya kulichonga. Kwa klarineti ya kawaida wanatafuta bomba lenye upana wa karibu milimita 25.

Najua swali litakalokuja, juu nimeulizwa mara mingi: "Wewe mwana-agronomia, kwa nini tusilime wenyewe?" Kulima si kugumu, ndiyo hatari yake. Arundo donax halisambai kwa mbegu bali kwa vipande vya shina la chini ya udongo. Mafuriko yakibeba kipande kimoja, kinaota mbele. Liko katika orodha ya dunia ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi. Kulipanda kando ya mto wa Katanga kwa ajili ya maboksi machache ya anshi ni kukopa deni ambalo wajukuu watalilipa. Afadhali tutunze zile tuko nazo.

Mmea uliokufa bado unakunywa

Sasa tuingie katika kiini cha jambo. Mahindi yakivunwa, punje inakuwa imekauka, lakini haijaachana na maji. Ukiiweka mahali penye unyevu, inavuta maji kutoka hewani. Ukiiweka mahali pakavu, inayatoa. Inaendelea hivyo mpaka inapatana na hewa iliyoizunguka. Ndiyo sababu tunafundishwa mahindi yaingie ghalani yakiwa na unyevu usiozidi kama 13%, na hewa ya ghala isipite karibu 70%. Ukivuka hapo, ukungu unaamka.

Mbao ni vilevile. Kwa joto la kawaida la nyumba, mbao ikikaa katika hewa ya unyevu wa 30% inabaki na maji kama 6% ya uzito wake mkavu. Hewa ikiwa 65%, inafika karibu 12%. Hewa ikiwa 80%, inafika karibu 16%. Tete la anshi linafuata kanuni ileile, kwa sababu kuta za chembe zake zimejengwa kwa vitu vilevile: selulosi, hemiselulosi na lignini. Selulosi na hemiselulosi zinapenda maji. Maji yakiingia, kuta zinavimba na kulainika. Yakitoka, zinasinyaa na kukakamaa.

Lakini anshi haivimbi sawa kila upande. Hapa njo matatizo yanapozaliwa. Ukiitazama anshi kwenye mwanga wa dirisha, utaona mistari inayokwenda kutoka kisigino mpaka ncha. Ni nyuzi zilizokuwa zikipitisha maji mmea ulipokuwa hai. Kati ya nyuzi hizo kuna nyama laini ya mmea. Kwa urefu wa nyuzi, anshi karibu haibadiliki. Kwa upana na kwa unene, inabadilika sana. Ndiyo sababu haikui wala haifupiki machoni, lakini inapinda.

Ongeza jambo la pili: unene. Ncha ya anshi ina karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, kama karatasi. Kisigino kina karibu milimita 3. Ncha inaweza kukauka kwa dakika chache, kisigino kinachukua masaa, hata siku. Kwa hiyo hewa ikibadilika ghafula, ncha inakuwa imekwisha kufika, kisigino bado kiko njiani. Sehemu moja inavuta, ingine inakataa. Matokeo yake ni ncha yenye mawimbi kama bati la nyumba, ama tumbo la anshi, ule upande bapa unaolala juu ya beki, linajikunja na kuacha upenyo. Pumzi inapita katika upenyo, na klarineti inalia kifaranga.

Nataka mlishike hili kuliko mengine yote: kinachoumiza anshi zaidi ni mabadiliko ya haraka. Anshi inaweza kuishi katika hewa kavu kidogo, na inaweza kuishi katika hewa nyevu kidogo. Kinachoimaliza ni kupelekwa huku na huku kila siku.

Mwaka wa Lubumbashi katika kibamba kimoja

Mji wetu uko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, na una majira mawili yanayotengana waziwazi. Lakini kwa mpiga klarineti mimi ninagawanya mwaka katika vipindi vinne.

Kipindi cha kwanza ni kiangazi cha baridi, tangu mwezi wa tano mpaka wa saba. Usiku joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na mchana linapanda juu ya 25. Watu wanafikiri baridi ndiyo inayoharibu anshi. Hapana, ni ile tofauti ya asubuhi na mchana. Hesabu ni hii: chukua hewa ya asubuhi yenye nyuzi 8 na unyevu wa 80%. Ipashe mpaka nyuzi 26 bila kuongeza tone la maji. Unyevu wake unashuka mpaka karibu 25%, kwa sababu hewa ya moto ina uwezo wa kubeba maji mengi zaidi, na yaleyale ya asubuhi yanakuwa kidogo mbele yake. Kwa hiyo ndani ya siku moja anshi yako inapita kutoka hewa ya ghala bovu mpaka hewa ya jangwa. Sasa kumbuka tarehe 30 ya mwezi wa sita iko hapo katikati. Fanfari inaamka mapema, inapiga kwa baridi, inasimama juani, inapumzika, inapiga tena. Hakuna siku ngumu kwa anshi kama siku ya uhuru.

Kipindi cha pili ni kiangazi cha joto, mwezi wa nane, wa tisa na mwanzo wa kumi. Vumbi linajaa, joto linapita nyuzi 30, na mchana unyevu wa hewa unaweza kuwa chini ya 30%. Ncha inakauka wakati kiongozi anatoa maelezo. Mpigaji akianza tena, ncha inanywa mate haraka na kuvimba, wakati moyo wa anshi bado mkavu. Mawimbi yanatokea palepale. Sauti inakuwa kali, nyembamba, ya kukwaruza.

Kipindi cha tatu ni mvua za kwanza, kati ya mwisho wa mwezi wa kumi na mwezi wa kumi na moja. Leo mvua, kesho jua kali. Anshi zilizozoea ukavu zinaanza kuvimba. Usichonge anshi yoyote kwa wembe wakati huu, hata kama inakuudhi, maana ile unayoirekebisha leo itakuwa ingine baada ya wiki mbili.

Kipindi cha nne ni mvua kamili, mwezi wa kumi na mbili mpaka wa tatu. Hewa iko na unyevu mchana na usiku. Anshi haipindi sana, lakini haikauki. Inakuwa nzito, inachelewa kujibu, na ukiifungia katika kisanduku inatoa madoa meusi ama ya kijivu. Huo ni ukungu, ndugu wa ule wa mahindi. Na Noeli iko humo ndani, pamoja na harusi za mwisho wa mwaka.

Muone basi: sikukuu mbili ambazo fanfari inahitajika zaidi, 30 ya mwezi wa sita na Noeli, zinaanguka katika hewa mbili zinazopingana. Anshi iliyochaguliwa kwa moja haina lazima ya kufaa kwa ingine. Mimi ninaandika kwa kalamu ya risasi kwenye kisigino cha kila anshi mwezi ambao ilipiga vizuri. Siitupi ile inayokataa, ninaiweka isubiri majira yake.

Kila mji una hewa yake

Mashauri mengi yanayotufikia yanatoka Kinshasa, na si ajabu. Ni kule Jean Serge Essous, mpiga klarineti na saksofoni, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa OK Jazz mwaka 1956. Ni kule pia iko Orchestre Symphonique Kimbanguiste, iliyoanzishwa na Armand Diangienda mwaka 1994. Wana ujuzi mkubwa. Lakini kiangazi cha Kinshasa si kiangazi cha Lubumbashi. Kule mbingu inafunikwa na mawingu, joto linapungua, na hewa inabaki na unyevu kwa sababu ya upepo wa upande wa Atlantiki. Mtu wa Kinshasa akikuambia, "Sisi anshi tunaziacha wazi mezani hata kiangazi," anasema kweli kwa kwake. Ukimfuata hapa mwezi wa tisa, utakuta mawimbi.

Kisangani, karibu na ikweta, shida kubwa itakuwa ukungu karibu mwaka mzima. Bukavu, kwenye ziwa Kivu, kiangazi ni kifupi, zaidi kati ya mwezi wa sita na wa nane. Kwa hiyo ndugu wa Kivu wachukue kanuni, wasichukue tarehe zangu.

Kabla ya kuitupa: majaribio matatu

Anshi inakufa kweli. Nyuzi zinachoka kwa kutetemeka, mate yanakula ile nyama laini, ncha inapasuka. Lakini kwanza hakikisha.

Jaribio la kwanza ni la macho na kidole. Iangalie ncha kwenye mwanga. Kama imepasuka ama imemeguka kona, imekwisha. Kama iko na mawimbi tu, iloweshe katika maji safi dakika mbili, ilaze juu ya kipande cha kioo, bonyeza ncha polepole kwa kidole dakika moja. Mawimbi yakiondoka, anshi yako ilikuwa na kiu tu.

Jaribio la pili ni la tumbo. Laza anshi juu ya kioo, upande bapa chini, gusa pembe moja kisha ingine. Ikibembea, tumbo limepinda. Iache siku mbili katika kisanduku chenye hewa tulivu, nitakieleza hapa chini, kisha jaribu tena.

Jaribio la tatu ni la kunyonya. Funga anshi kwenye beki, ziba tundu la chini la beki kwa kiganja, nyonya hewa yote, kisha toa beki mdomoni. Anshi inayokaa vizuri inabaki imenata kidogo, halafu inaachia kwa mlio mdogo, "pa!" Ikiachia mara moja bila kunata, hewa inapita pembeni. Angalia kwanza kifungo kinachoibana, kisha tumbo la anshi.

Anshi iliyoshindwa majaribio yote, baada ya kupumzika, hiyo unaweza kuiaga.

Kisanduku cha chumvi

Sasa dawa. Kuna pakiti za dukani zinazolinda unyevu ndani ya kisanduku cha anshi, lakini hapa kwetu hazipatikani rahisi. Jikoni tuko na kitu kinachofanya kazi inayofanana nayo: chumvi.

Wote mmeona chumvi inavyolowa kwenye kikopo wakati wa mvua. Kuna sababu kamili. Chumvi safi ya mezani inaanza kuvuta maji na kuyeyuka pale unyevu wa hewa unapopita karibu 75%. Chini ya hapo inabaki kavu. (Chumvi ya mawe iliyochanganyika na vitu vingine inalowa mapema zaidi, kwa hiyo tumia ile safi.) Na kinyume chake ni kweli: chumvi iliyochanganywa na maji kidogo, ndani ya kisanduku kilichofungwa, inatoa mvuke mpaka hewa ya ndani ifike karibu 75%, kisha inasimama. Katika maabara kanuni hii inatumika kupima kama kipimo cha unyevu kinasema kweli.

Fanya hivi. Tafuta kisanduku cha plastiki cha chakula kinachofunga vizuri. Chukua kizibo kirefu cha chupa, tia chumvi mpaka nusu.

Wakati wa kiangazi, ongeza matone ya maji mpaka chumvi iwe kama mchanga uliolowa, isiwe supu. Funika kizibo kwa kitambaa chepesi na ukifunge kwa uzi, ili chumvi isimwagike. Weka anshi juu ya kipande cha kioo ama kigae, mbali na chumvi, zisigusane. Kila ukifungua kisanduku, hewa kavu inaingia na unyevu unashuka kidogo, kisha chumvi inaurudisha. Ikikauka, ongeza matone.

Wakati wa mvua, weka chumvi kavu, bila maji. Hewa ya ndani ikipita 75%, chumvi itavuta kile kilichozidi. Ukiona imegeuka majimaji, imwage, weka ingine kavu. Na usiweke kamwe anshi iliyotoka mdomoni sasa hivi ndani ya kisanduku kilichofungwa. Ipanguse, iache nje kivulini kama nusu saa, kisha ndiyo iingie. Kiwango cha 75% kiko karibu na mpaka wa ukungu, kwa hiyo kagua anshi kila wiki na usafishe kisanduku. Anshi yenye madoa ya ukungu usiirudishe mdomoni, hiyo itupe bila huruma.

Neno la onyo: kisanduku cha chumvi kisikae ndani ya sanduku la klarineti. Chumvi inakula chuma, na funguo za klarineti ni ghali kuliko anshi zote za maisha yako.

Desturi za kila siku

Chumvi peke yake haitoshi bila desturi nzuri.

Kuwa na anshi tatu ama nne zinazozunguka, usipige moja kila siku. Ile inayopumzika inapata nafasi ya kupatana na hewa yote, kisigino na ncha.

Anshi mpya ipige dakika tano siku ya kwanza, kumi siku ya pili, halafu uongeze. Usiitoe boksini asubuhi ya sikukuu na kwenda nayo barabarani.

Lowesha anshi nzima kwa maji safi, tumbo na mgongo, dakika moja ama mbili kabla ya kupiga. Mwezi wa tisa ongeza muda kidogo. Mwezi wa kwanza punguza.

Baada ya kupiga, isafishe kwa maji, ipanguse kwa kitambaa kutoka kisigino kuelekea ncha, kamwe kinyume, na uilaze bapa juu ya kioo. Usiiache imefungwa kwenye beki usiku kucha. Usiianike juani kama samaki.

Katika maandamano, fanfari ikisimama, funika beki kwa kifuniko chake. Kama hauna, geuza klarineti upande wa kivuli. Dakika kumi za jua la saa saba zinatosha kukunja ncha.

Na kila mtu apige anshi yake. Kuazimana anshi ni kuazimana mate.

Kuna pia anshi za plastiki, ambazo hazinywi maji wala haziogopi majira. Bei yake ni kubwa kuliko anshi moja ya tete, na wengine hawapendi sauti yake, lakini kwa fanfari inayopiga sana nje, kuwa na moja ya akiba kwa 30 ya mwezi wa sita si wazo baya.

Usilaumu anshi kwa kila kitu

Kuna makosa mawili ya hewa ambayo anshi inabebeshwa bure. La kwanza ni kushuka kwa sauti asubuhi ya baridi. Sauti inasafiri polepole zaidi katika hewa ya baridi: karibu mita 337 kwa sekunde kwa nyuzi 10, na karibu 349 kwa nyuzi 30. Klarineti baridi inapiga chini ya la, hata anshi iwe ya dhahabu. Puliza pumzi ya moto ndani ya chombo dakika kadhaa kabla ya kupatanisha.

La pili ni mwili wa klarineti. Klarineti nzuri za mbao zinachongwa kwa mpingo, mti ambao unatoka sana Tanzania na Msumbiji. Mpingo nao ni mmea, nao unafuata hewa. Asubuhi ya mwezi wa saba, pumzi yako ya moto na maji inavimbisha ndani wakati nje bado baridi na kavu, na mbao inaweza kupasuka. Ipashe mikononi na kwapani kwanza, kisha uanze polepole. Klarineti za plastiki, ambazo wengi wetu tuko nazo, hazina shida hii. Kumbe mara hii plastiki inatushinda.

Kwa shefu wa fanfari anayesoma hapa, ninaomba jambo moja. Mwezi wa tisa ukifika na kijana wako wa klarineti anaanza kulia kifaranga, kabla ya kumpeleka kwenye ngoma, mwachie wiki mbili na kisanduku cha chumvi. Mpe anshi iliyoloweshwa vizuri, iliyolala bapa, iliyopita jaribio la kunyonya. Kama bado anashindwa, sawa, mzungumze juu ya pumzi na mazoezi. Lakini kwanza tuondoe hewa katika kesi, ili tumhukumu mtu kwa kazi yake mwenyewe.

Na kwa wanafunzi wenzangu wa agronomia: siku ingine profesa akiandika ubaoni unyevu wa punje na unyevu wa hewa, musiseme ni mambo ya ghala tu. Mtu wa fanfari aliye karibu nanyi anahitaji somo hilo kabla ya Noeli.